Tairi za picha ya theluji, AT au MT? Pikapu ya kwenda Bungale masika haya

Mchuuzi_Mambrui
Salaam aleikum wana-Malindi. Masika ndiyo hayo mlangoni na gari yangu tairi za nyuma zishakuwa kipara. Jana nimepita dukani nikawekewa mambo matatu. Kwanza, seti ya mtumba kutoka Japani, meno bado marefu, ubavuni ina kijipicha cha mlima na chembe ya theluji. Muuzaji aniambia wenzetu huko wapita nazo juu ya barafu, kwa hivyo tope la Bungale kwake mchezo. Pili, AT mpya, yaani za kila njia, lami na vumbi. Tatu, MT mpya, za matope, zile za meno kama ya trekta. AT ni karibu mara mbili ya bei ya mtumba, na MT yapita hapo. Nichukue ipi? Ameniwekea mpaka Jumatatu.

Fundi_Gede
Wa aleikum salaam. Ndugu, watuuliza mchuzi bila kututajia samaki. Gari gani? Foo-wili, yavuta magurudumu yote manne, au yavuta nyuma tu? Wabeba nini, uzito gani? Tairi namba ngapi? Na hiyo mtumba ni ya mwaka gani? Bila hayo tutakuwa twapiga ramli.

KadzoWaMarafa
MT. Mimi nakaa Marafa, barabara iko mbele ya nyumba. Kila mwezi wa tano nawaona wenye kusukuma na wenye kusukumwa. Wenye MT hupita wakipunga mkono.

Fundi_Gede
Wakipunga mkono Marafa, sawa. Siku wakiteremka kwenda Mombasa na lami imelowa, waulize habari ya breki. Meno makubwa yana nafasi kubwa, lakini mpira unaogusa lami ni mchache. Isitoshe yanguruma na kula mafuta. Mwenye lami nyingi na tope kidogo MT yamtesa bure.

KadzoWaMarafa
Nani kakwambia tope ni kidogo?

Fundi_Gede
Ndiyo maana nimemuuliza, dada. Naye kanyamaza.

BintiPwani_Bergamo
Salamu kutoka Italia, nawasoma kila siku nikipika. Hicho kijipicha nakijua, kiko kwenye tairi za mume wangu. Ni alama ya tairi iliyopimwa kwenye theluji ikafaulu. Huku barabara nyingi, kuanzia 15 Novemba hadi 15 Aprili, sheria yataka uwe na tairi za baridi au minyororo ndani ya gari. Mume wangu ana pikapu ya kubebea kuni, na kila vuli ni shughuli: avae tairi za baridi, apime maji ya rejeta kama yatastahimili kuganda, apime betri, abadilishe waipa, kisha atie mifuko ya mchanga nyuma, juu ya ekseli, maana pikapu tupu mkia wake ni mwepesi.

Ila jambo moja, Mchuuzi. Mpira wa tairi hizo umetengenezwa laini ili usikakamae kwenye baridi. Faida yake ni joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Malindi nyuzi 7 mmeziona wapi, kama si ndani ya friji ya soda? Hata huku ikifika Aprili twazivua, kwa sababu kwenye lami ya joto zaisha kama kifutio cha shule, na breki inakuwa ndefu.

Mchuuzi_Mambrui
Ahsante dada. Gari ni pikapu ya Toyota. Nabeba mbuzi.

Fundi_Gede
Toyota ni ukoo, si jina. Foo-wili au si foo-wili?

Ami_Gongoni
Wanangu, niruhusuni niseme kwa kirefu, maana haya yamenikuta. Mwaka 2019 nilinunua mtumba kama hizo hizo, wala sikujua ni za theluji. Nilitazama meno tu, nikalipa. Wiki mbili za mwanzo gari ilitembea laini kama imevaa malapa, nikajisifu barazani.

Kiangazi kilipokaza nikatoka Malindi saa 7 mchana na mifuko 20 ya saruji. Kufika karibu na Gongoni usukani ukaanza kulewalewa. Nakata kona, gari yanijibu baadaye, kama mtoto aliyeitwa yuko mchezoni. Nashuka kutazama, meno yamemeguka pembeni vipande vipande. Nikasema ah, bado zina maisha. Ujinga wangu.

Mwezi wa tano nilikuwa narudi kutoka Adu, gari tupu, mimi na tanboi wangu, jua lazama. Tukaingia penye udongo mweusi. Ule mwaujua: mkavu ni sakafu, ukilowa ni sabuni. Zile tairi zina vijikato vyembamba vya kushika barafu, basi vikajaa tope mara moja na gurudumu likawa donge. Mkia ukataka kuwa mbele. Breki sikukanyaga, wallahi, nikaachia mafuta taratibu. Haikusaidia. Gari ilishuka mtaroni kwa adabu kabisa, polepole, sisi wawili twatazamana. Tukalala hapo. Mbu wa upande ule hawabishi hodi. Asubuhi trekta likaja, mwenyewe akataja bei bila kushuka kitini. Nikipiga hesabu, lile trekta na ile mtumba pamoja ningepata AT mbili na chenji ya mahamri.

KadzoWaMarafa
Pole Ami. Lakini ungekuwa na MT je?

Ami_Gongoni
Ningekwama mbele zaidi, mbali na trekta.

Mchuuzi_Mambrui
😂 Haya, nimetubu. Foo-wili sina, yavuta nyuma tu. Nakwenda tupu, narudi na mbuzi kumi na mbili hivi. Mara moja kwa wiki, na siku nyingine zote niko mjini na Mambrui. Kuhusu mwaka wa ile mtumba muuzaji asema ni "ya juzi juzi". Nimepiga picha ubavuni, kuna kiduara kimeandikwa 3814.

Fundi_Gede
Sasa twazungumza. Tarakimu mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Hiyo imetoka kiwandani wiki ya 38 ya 2014. Juzi juzi ya nani? Mpira huzeeka hata ukikaa stoo, meno marefu hayasemi kitu. Tazama pia kama kuna neno STUDLESS ubavuni, ndizo hizo za theluji. Magari mengi ya Japani huja nazo na watu huku wazivaa bila kujua.

Na usidanganywe na herufi M+S. Maana yake ni matope na theluji, lakini hutegemea mchoro wa meno tu, si kipimo. Hata tairi nyingi za AT zinayo.

Kwa safari moja ya tope kwa wiki, mimi nasema AT.

KadzoWaMarafa
Safari moja ndiyo itakayomlaza njiani.

Mwana_wa_Shela
Nyinyi mwagombania meno na gari haina foo-wili. Ikiwa ekseli moja tu ndiyo yavuta na mkia hauna uzito, hata umvishe viatu vya farasi. Fuata maneno ya dada wa Italia: mchanga juu ya ekseli wakati wa kwenda, mifuko mitatu minne, ifunge isicheze. Ukifika Bungale umwage, upakie mbuzi. Mchanga wenyewe bure, tumezungukwa nao.

Fundi_Gede
Hilo nalikubali. Isipokuwa uwekwe juu ya ekseli, usiwekwe kule mwisho kwenye mlango wa bodi, la sivyo pua yainuka na usukani wawa mwepesi.

Mwana_wa_Shela
Na upepo upunguze kidogo ukiingia kwenye tope, tairi itanuke. Lakini ukirudi kwenye lami ujaze tena, hapo ndipo watu husahau. Beba pampu.

BintiPwani_Bergamo
Na rejeta je? Pwani watu watia maji ya bomba, wasema dawa ya rejeta ni ya nchi za baridi. Si kweli. Ile dawa huzuia kutu ndani na kupandisha kiwango cha kuchemka, si kuganda peke yake.

Ami_Gongoni
Kutu usiitaje, binti yangu. Nilikuwa na gari ililala karibu na bahari miaka sita. Fundi alipigapiga chesesi na bisibisi, ikaingia.

BintiPwani_Bergamo
Huku vile vile Ami, wamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu. Mume wangu huosha gari chini kwa chini kila wiki mbili. Nyinyi chumvi mwaletewa na upepo wa kusi bila malipo.

Mwana_wa_Shela
Tena mvua ikizidi tairi zote sawa. Mwisho wa 2023 mto Tana ulipokata barabara ya Lamu pale Gamba, kulikuwa na mabasi na malori yenye kila aina ya meno, yote yamepangana yakingoja maji.

Mchuuzi_Mambrui
Nimerudi dukani. Mtumba nimemkatalia, kanuna. Sasa asema atanipunguzia nikichukua AT mbili tu, nizivae nyuma, mbele nibaki na za zamani, bado zina meno kiasi. Sawa?

Fundi_Gede
Mpya nyuma ndiyo sawa, mkia ukishika gari haizunguki. Lakini za mbele zina meno kiasi gani? Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo. Meno yakilingana navyo, zimekwisha.

KadzoWaMarafa
Mbili za MT nyuma, mbele acha.

Fundi_Gede
Usichanganye hivyo kwenye lami yenye maji, tafadhali.

KadzoWaMarafa
Kwani yeye anaishi kwenye lami?

Mwana_wa_Shela
Mchuuzi, nikukatize. Hao mbuzi wa Bungale mwaka huu wawachukua bei gani? Nina akika mwezi ujao, nataka wawili, beberu wa wastani.

Mchuuzi_Mambrui
Njoo faragha tuelewane, shehe. Lakini tairi bado sijanunua, kwa hivyo tarehe siahidi.