Kutoka uhandisi kwenda ualimu wa hisabati na fizikia: kusoma kwanza au kufundisha huku unasoma?

Fundi Pembetatu
Wakuu, salaam. Nina shahada ya uhandisi wa umeme na kazi nimeifanya miaka mingi. Sasa nataka kuwa mwalimu wa hisabati na fizikia mwenye cheti na usajili kamili, siyo wa kujishikiza. Naona njia tatu: stashahada ya uzamili ya elimu kwa mwaka mzima bila mshahara, kuajiriwa na shule nisomee ualimu nikiwa kazini, au kusoma kwa masafa nikiwa na kazi yangu hii. Nina familia inayonitegemea. Mliopita huko, nishaurini.

Mwalimu Kipeo
Karibu sana mkuu, unahitajika. Kwanza kabisa ulizia kwa mamlaka inayosajili walimu ni cheti gani inakitambua, kwa sababu kuna kozi zinazotoa stashahada bila idhini ya kufundisha. Hata Uingereza, PGCE ni tuzo ya chuo na QTS ndiyo hadhi ya ualimu. Kozi nyingi hutoa vyote viwili, lakini si zote. Wapelekee pia matokeo yako ya chuo wayapitie somo kwa somo. Mhandisi anaweza kukubaliwa kwa fizikia halafu akaambiwa aongeze masomo ya hisabati.

Mama Mizani
Mimi nilitoka maabara ya kemia nikachukua mwaka mzima, na ninautetea. Somo lako unalijua. Usilolijua ni namna mtoto anavyolikosea. Mwanafunzi anajumlisha 1/2 na 1/3 anapata 2/5, kiasi kwa kiasi, asili kwa asili. Mtaalamu atakimbilia KDS (kigawe kidogo cha shirika). Mwalimu aliyefundwa atamuuliza: hiyo 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko 1/2 uliyoanza nayo? Mtoto ananyamaza, anaangalia daftari, anaona mwenyewe kwamba ameongeza kitu kikapungua. Hapo sasa KDS ina maana kwake. Lee Shulman, mtafiti wa elimu wa Marekani, aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1986: kujua somo ni kitu kimoja, kujua kulifundisha ni ujuzi mwingine unaojitegemea. Mwaka ule ulinipa nafasi ya kuujenga bila kubeba darasa zima peke yangu.

Kizio
Dada Mizani nakuheshimu, ila mtu mwenye familia hawezi kukaa mwaka bila kipato. Mimi nilifundishwa nikiwa kazini. Faida yake ni kwamba ulichosoma jana unakijaribu leo. Nilisoma kwamba wanafunzi wengi huamini mkondo wa umeme "huliwa" na balbu. Kesho yake nikaweka ammita (kipima mkondo) kabla ya balbu na nyingine baada yake, nikawaambia watabiri kwanza. Waliposoma namba zilezile pande zote mbili, zogo lilizuka darasani, na ndiyo kipindi walichokielewa kuliko vyote.

Lakini mkuu, usisaini mkataba kabla hujauliza mambo haya: nitapunguziwa vipindi? Mwalimu mlezi wangu anafundisha fizikia au ni yeyote tu aliye na nafasi? Muda wa kukaa naye umo kwenye ratiba? Wakisita, achana nao. Kuandika maandalio ya somo, kusahihisha na kusoma kozi kwa pamoja bila mlezi kunawavunja watu wazuri.

Daftari Safi
Masafa ni nafuu kwa nadharia tu. Mazoezi ya kufundisha lazima uwe shuleni, saa zilezile unazotakiwa ofisini. Uingereza kozi ya kawaida hudai angalau siku 120 shuleni. Kama mwajiri hatoi likizo ndefu, njia hiyo iondoe.

Fundi Pembetatu
Likizo hiyo siipati, kwa hiyo zimebaki mbili. Je, umri? Nimevuka 40.

Mwalimu Kipeo
Usikutishe. Lucy Kellaway aliacha kazi ya kudumu ya uandishi katika gazeti la Financial Times la Uingereza akiwa na zaidi ya miaka 50 akaenda kufundisha hisabati London, na ni mwanzilishi mwenza wa Now Teach, taasisi ya watu wanaobadili kazi kama wewe.

Kwa hali yako ningefuata ya Kizio, kwa masharti yake yote. Mlezi akikosekana, weka akiba kwanza, kisha fuata ya Mama Mizani.

Mama Mizani
Hapo tunakubaliana. Kabla ya kuomba, tafuta shule ikuruhusu uketi nyuma ya darasa siku kadhaa. Chagua madarasa ya chini, na uangalie madaftari ya wanaokosea.