Mbwa wa Malindi: wachanjwe ama wamalizwe tu?

Baba Hadija (Maweni)
Assalaam alaykum jamani. Juzi jioni mwanangu wa miaka 6 kaumwa mguu na mbwa asie na mwenyewe, hapa nyuma ya nyumba. Tukamuosha mferejini kwa kipande cha sabuni ya kufulia, dakika 15 kwa saa ya simu, yeye alia mimi nahesabu. Kituo cha kwanza chanjo hakuna, ya kwanza tukaenda kununua duka la dawa kwa bei ya mbuzi. Sasa kuna jamaa walikuja baraza la chifu na makaratasi ya utafiti, eti mbwa wote wa mtaani wachanjwe kuzuia kichaa cha mbwa, kuwaua hakusaidii. Mi nauliza, pesa hio si inunue dawa ya watu? Mbwa wapigwe risasi yaishe. Mwaonaje?

MtuWaShela
Risasi. Sisi kwetu shida hio hatuna, kisiwa ni cha paka na punda, na punda wana kliniki yao tangu 1987. Mbwa ni najisi, akikuramba waosha mara saba na moja iwe kwa mchanga, alafu mwataka kumpigia foleni ya sindano!

Kadzo wa Ganda
Ndio hapo mnapoboa. Mbuzi wa babangu wanalindwa na mbwa usiku kucha, na Idi mnakuja kuwanunua hao hao mbuzi hamuulizi nani kawalinda. Kwetu mbwa ni mtu wa boma. Usiite mlinzi wangu uchafu.

Sufuria Moto
MtuWaShela ni Shela gani, ya Lamu ama ya hapa Malindi?

MtuWaShela
Shela ni moja. Hio yenu mliazima jina.

Mzee wa Mtepe
Tuliazima?? We kijana ndoo Malindi nikuoneshe makaburi kisha useme nani kaazima. Vasco da Gama mwaka 1498 alikuja kwetu kutafuta rubani, hakuja kwenu kutafuta punda.

MtuWaShela
Na mkampa! Hata haya hamuoni, mwajisifia kumuonesha mreno njia.

Dokta wa Mifugo
Wazee, mtoto kaumwa na mbwa nyinyi mko 1498. Baba Hadija, huyo mbwa usimuue. Mfungie ama mjue yuko wapi, mwangalie siku 10. Kama kichaa cha mbwa kilikuwa kwenye mate yake siku aliyouma, siku 10 hazipiti ila ashaugua ama ashakufa. Mtoto aendelee na sindano, siku ya 3, siku ya 7, asikose. Kuhusu risasi, Bali huko Indonesia kichaa cha mbwa kiliingia 2008, wakaua mbwa kwa maelfu na ugonjwa ukazidi kusambaa, mana ukiua wa mtaa huu wa mtaa wa pili wahamia, na watu huwaficha wao ama huleta watoto wa mbwa wapya ambao hawajachanjwa. Ukichanja 70 katika kila 100 ugonjwa hukosa pa kupita. Na MtuWaShela, Bali pia ni kisiwa.

MtuWaShela
Bali ni makafiri wafuga mbwa, usitufananishe.

Dokta wa Mifugo
Haya, Pemba jee? Wachanja mbwa mpaka ugonjwa ukakatika 2014, ukaletwa tena 2016, wakachanja tena mpaka 2018 ukaisha. Wapemba nao wajua kuosha mara saba.

Kadzo wa Ganda
😂😂 Pemba imemziba mdomo

Bin Langoni
Mimi hizo data siziamini. Serengeti wazungu waliwashika mbwa mwitu, wakawavisha kola za redio za kuwafuatilia, wakawadunga chanjo, na mwaka 1991 hakubaki hata mmoja. Kuna mtafiti wao wenyewe alisema ule mshtuko wa kushikwa ndio uliamsha kichaa mwilini mwao.

Dokta wa Mifugo
Ni kweli alisema hivyo, lakini wenzake wakalinganisha na mbuga za Selous, Tanzania, na Kruger, Afrika Kusini, waliovishwa kola hawakufa zaidi ya wasiovishwa. Kichaa cha mbwa chenyewe kilipatikana kwenye kundi moja kule Serengeti 1990. Alafu 1994 simba elfu moja hivi wakafa, theluthi ya simba wote wa huko, kwa distempa, ugonjwa mwingine wa virusi wa mbwa, na kidole kikaenda kwa mbwa wa vijijini. Laikipia nako distempa karibu iwamalize mbwa mwitu 2017.

Bin Langoni
Ehee! Kumbe twachanjiwa mbwa ili simba wa watalii waishi. Nilijua tu.

Dokta wa Mifugo
Distempa haimpati binadamu, ndugu. Kichaa chaua watu kama 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote wameumwa na mbwa hawa wa mitaani na majumbani, si mbwa mwitu, na kama 40 katika kila 100 ni watoto. Mbwa kuchanjwa ili simba wapone na kuchanjwa ili mwanao apone ni sindano mbili tofauti. Na hao mbwa mwitu wako mpaka kwenu huko msitu wa Boni na Dodori, sio habari ya Serengeti peke yake.

Sufuria Moto
Mbwa mwitu wa Boni si ni fisi?

Mzee wa Mtepe
Fisi ni fisi. Mbwa mwitu ana mabaka kama shuka iliyochafuka chai, na masikio kama visahani. Nilimuona njia ya Kiunga tukiwa na lori la chumvi, walikuwa wanane, wakatutizama kisha wakenda zao.

MtuWaShela
Mzee leo kaona kila kitu, jana rubani, leo mbwa mwitu.

Kadzo wa Ganda
We bado hujajibu la mbuzi.

Baba Hadija (Maweni)
Nimesoma yote, mambo ya rubani nimeyaruka. Leo ni siku ya 6, kesho sindano ya tatu. Yule mbwa nilimfunga kwa kamba ya ngalawa chini ya mwarobaini, nikawa na rungu mkononi siku mbili za mwanzo. Yu mzima, ala, anywa maji. Mke wangu kaanza kumpelekea ukoko wa wali na mtoto amempa jina. Bado siku nne.