Nina kisukari aina ya pili, baba na kaka wote moyo. Nipime vinasaba?

Mwanamwendo: Wakuu, habari zenu. Nina miaka 47, kisukari tumeshazoeana. HbA1c (wastani wa sukari wa miezi kama mitatu) ya mwisho 6.8, sina ugomvi nayo. Kinachoninyima usingizi ni ukoo: baba alifariki kwa shambulio la moyo akiwa na 52, kaka likampata akiwa na 49, na yeye hata sukari hana. Kuna kipimo cha vinasaba kinatangazwa, unatema mate kwenye kichupa unaambiwa hatari yako ya moyo. Bei imechangamka. Nitoe hela?

Mama Mkunga: Pole mdogo wangu. Baba 52, kaka 49: hicho tayari ni kipimo cha vinasaba, tena cha bure. Hela yako ipeleke kwenye kipimo cha damu cha lipoprotini(a), chembe inayobeba lehemu ambayo ikizidi huongeza hatari ya moyo. Kiwango chake karibu chote kinapangwa na jeni, chakula na mazoezi havikigusi sana, kwa hiyo kwa wengi kupima mara moja maishani kunatosha. Kaka hana sukari na moyo bado ukamshika. Mimi ningeanza kutafuta hapo. Umeandikiwa statini, dawa ya kushusha lehemu?

Mwanamwendo: Hapana dada, niliambiwa lehemu iko kawaida.

Mama Mkunga: Kawaida ya nani? Mwenye kisukari akishafika 40 hushauriwa statini hata LDL, ile lehemu mbaya, ikiwa haijapanda. Muulize daktari wako hilo kwanza.

Kijana wa Maabara: Tusikibeze kichupa moja kwa moja. Mwaka 2013 watafiti walipata tofauti ya kijeni karibu na jeni ya GLUL, inayoendana na ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa wenye kisukari aina ya pili. Kwa wasio na kisukari, haikuonyesha kitu.

Mama Mkunga: Sawa mwanangu, akikutwa nayo atapewa dawa gani ambayo asingepewa leo?

Kijana wa Maabara: Hapo umenikamata.

Mpita Njia: Na vitamini E? Kuna mtu kazini anaimeza kila siku, eti kinga ya moyo.

Kijana wa Maabara: Jaribio la HOPE, 2000, lilionyesha haisaidii moyo. Ikaja 2008, wakapewa wenye kisukari wenye aina ya 2-2 pekee ya haptoglobini, protini ya damu ambayo aina yake hurithiwa, matukio ya moyo yakapungua. Hao haptoglobini yao ni dhaifu kuzuia madhara ya himoglobini iliyovuja kutoka chembe nyekundu za damu. Ila haijawa tiba rasmi, na huyo wa kazini sidhani kama anajua aina yake.

Mwanamwendo: Nimewasoma. Hiyo lipoprotini(a) ikiwa juu, wanangu nao?

Mama Mkunga: Wapimwe, na kaka pia. Mzazi mmoja anatosha kuirithisha. Kwako wewe maana yake LDL itabanwa zaidi, presha isiachiwe, na kama unavuta, sigara iishe wiki hii.

Mwanamwendo: Sigara sivuti. Presha sijapima siku nyingi.

Mama Mkunga: Basi anza na hiyo, kesho asubuhi.