Naomba ushauri: Tim ya The Replacements, nichukue ipi?

Habari zenu wadau. Nataka kununua Tim, albamu ya The Replacements, bendi ya roki ya Marekani, ila nasitasita. Ile ya 1985, aliyoisimamia prodyuza Tommy Erdelyi, dramu zake zinasikika kama zinapigwa chumba cha jirani. Mwaka 2023 ikatoka tena kama boksi, Let It Bleed Edition, fundi sauti Ed Stasium kaichanganya upya: besi inasikika, dramu zinagonga kifuani. Nimezilinganisha kwa hedifoni zilezile, bado sijaamua. Wimbo “Here Comes a Regular” kwenye ile ya zamani naona una majonzi zaidi (ladha yangu tu hiyo). Boksi hilo lina CD nne na santuri moja, na bei si mchezo. Je, rekodi za majaribio na shoo ya Chicago ya 1986 zilizomo humo zinastahili hela hiyo? Au nitafute santuri ya zamani tu?