Wana Kusini, tunangoja kimbunga kitue ndipo tuzibue mitaro?

Wakuu, inachosha sasa. Mvua za msimu ndiyo hizo zinabisha hodi, na ukikatiza Mtwara mjini mitaro imejaa mchanga, chupa na vifuu. Ikizibuliwa, kinachochotwa kinarundikwa ukingoni pale pale. Mvua ya nusu saa tu, chote kimerudi ndani. Huko ni kuzibua au kuhamisha? Taka zibebwe na tipa siku hiyo hiyo, na kazi ianzie mdomoni, mtaro unapomwaga baharini, ndipo ipande juu. Ukianzia juu unasukumia tope kwenye kalavati lililoziba. Mvua ikikutana na bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, ndiyo balaa zaidi: maji yanapanda zaidi ya mita 3, mdomo wa mtaro unazama, mvua inabaki mitaani hadi bahari ipwe.

Halafu kuna wale wa "tuko karibu na ikweta, kimbunga hakifiki". Lindi ilipigwa Aprili 1952. Kimbunga Kenneth, Aprili 2019, kilitua Cabo Delgado, Msumbiji, hapo tu ng'ambo ya Ruvuma. Kimbunga Hidaya kilikuja Mei 2024, watu wameshauaga msimu, na barabara ya Dar ikakatika huko Kilwa. Desemba ya mwaka huo huo kimbunga Chido kikaipiga tena Cabo Delgado.

Mafundi wa paa nanyi mna kesi. Upepo hausukumi bati chini, unalifyonza juu, na unaanzia pembeni na kwenye kofia, kule kileleni paa linapokutana. Huko pigilia kila mgongo wa pili wa bati, katikati ya paa ndipo uruke miwili. Msumari uwe mgongoni, si bondeni, utobokee chini ya papi (mbao inayobeba bati) na ncha ikunjwe. Mbao mbichi ikikauka inauachia kama jino bovu. Lakini hata misumari ikishika, kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) ikiwa imekalia ukuta kwa uzito wake tu, paa zima linaondoka na papi zake. Vipande vya nondo ya milimita 6 vilazwe kwenye linta, mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, kabla zege halijamwagwa, kisha vikunjwe juu ya kenchi. Nyumba imeshaisha? Toboa chini ya linta, pitisha waya mara mbili, kaza kwa koleo. Paa la baraza lijengwe peke yake, likitaka kwenda liende lenyewe.

Wenye mashua: mnatia nanga maji yakiwa yamepwa, kamba fupi. Maji yakijaa kamba inasimama wima, nanga inang'oka. Pima kina cha maji makuu, zidisha kwa 7: mita 4, kamba mita 28. Ngalawa ivutwe kupita mstari wa takataka za bamvua, na tanga lishushwe kabisa, si kukunjwa tu.

Na jicho la kimbunga, kile kitovu chake kitulivu, likipita juu yenu, msitoke kuokota mabati. Kimbunga kikija kutoka mashariki, upepo unaanza wa kusini. Kimya kile kikiisha unarudi wa kaskazini kwa nguvu ile ile, na chombo kilichojificha nyuma ya kilima upande mmoja kinabaki uchi.

Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) wakitoa njano ni angalizo, chungwa tahadhari, nyekundu tahadhari kubwa. Huku kwetu njano ni ya kubishania vijiweni. Ikifika nyekundu nani atapanda juu ya paa na nyundo?

Wenye dhamana ya mitaro, ule mchanga wa ukingoni unaondoka lini? Tunataka tarehe.