Hadithi nimeianza kwa -na-, sasa inanigomea. Niirudishe kwenye -li-?

MshonaHadithi:
Hamjambo wenzangu. Nina hadithi fupi ya kurasa 38. Dada wawili wanafungua sanduku la marehemu mama yao ili wagawane nguo, na chini kabisa wanakuta barua. Msimulizi ni yule mdogo. Nilianza hivi:

"Ninainua kifuniko. Harufu ya mama inatoka kabla ya nguo. Dada amekaa sakafuni, amenipa mgongo."

Niliipenda sana aya hiyo, nilijiona nimo mle chumbani. Lakini kufikia ukurasa wa 9 nikaanza kuteleza: aya moja -na-, inayofuata -li-, wala sikuona mpaka rafiki yangu aliponipigia mistari kwa kalamu nyekundu. Anasema niandike yote kwa wakati uliopita kwa kuwa "hadithi ni jambo lililokwisha". Sitaki kukubali kwa sababu tu ndivyo tulivyozoea. Huku kuteleza kunaniambia nini? Nimechagua vibaya, au sijajua bado kuushika wakati uliopo?

KalamuYaUsiku:
Usisahihishe chochote kwanza. Orodhesha kila mahali ulipoteleza, kisha uangalie pale palikuwa na nini. Mkono wa mwandishi hauhami wakati bure.

Msahihishaji:
Dada, kabla hujaamua, pima unachokiacha. Ukiandika kwa -na- unaiaga -ka-. Tazama: "Nilifungua sanduku, nikatoa gauni, nikalikunjua, nikalinusa." -li- imetaja wakati mara moja, basi. -ka- haina wakati wake yenyewe, inauazima kwa kitenzi kilichotangulia. Kazi yake ni kusukuma tendo baada ya tendo. Hata msikilizaji anayeitikia "Pakawa!" baada ya "Paukwa!" ameshaitamka -ka- kabla hajajua hadithi inamhusu nani.

Sasa weka -na-: "Ninafungua sanduku, ninatoa gauni, ninalikunjua, ninalinusa." Kila tendo linasimama peke yake, na kwa kuwa -na- hubeba pia jambo linaloendelea, msomaji anaweza kudhani unalikunjua huku unalinusa. Sentensi moja ya namna hiyo ina nguvu. Kurasa 38 zinachosha, na nadhani hicho ndicho alichokihisi rafiki yako, ingawa sababu aliyokupa siikubali. Wengine hukimbilia -a-: "Dada ainuka, achukua barua, aisoma." Inakwenda vizuri katika ushairi, ila katika nathari ya leo inasomeka kama kichwa cha habari gazetini.

Kuna na ukanushi, ambao watu wengi hawautazami. Ukiandika "Dada hasemi", je, amenyamaza saa hiyo, au ndiyo tabia yake? Umbo ni lile lile. Katika wakati uliopita unazo njia mbili: "hakusema" kwa tukio, "alikuwa hasemi" kwa hali. Katika hadithi yenye dada aliyenyamaza, tofauti hiyo si ndogo.

Halafu nimeijaribu aya yako: "Niliinua kifuniko. Harufu ya mama ikatoka kabla ya nguo. Dada alikuwa amekaa sakafuni, amenipa mgongo." Umeona? "Amenipa mgongo" haikuguswa. -me- hutegemea kitenzi kinachoongoza, na ndivyo ilivyo -ki- pia, kwa hiyo sehemu kubwa ya ule ukaribu unaoupenda haiendi popote. Ukihamisha tu, pitia na maneno madogo: leo iwe siku ile, kesho iwe kesho yake, huyu mara nyingi awe yule. Hayo ndiyo hubaki nyuma na kumkwaza msomaji.

NjiaMbili:
Mimi naandika kwa wakati uliopo na sijuti, kwa hiyo naomba nimjibu huyo rafiki. Wakati uliopo si mtindo wa juzi. Mwandishi Mwingereza Charles Dickens, katika riwaya yake Bleak House iliyotoka kwa sehemu kuanzia 1852 hadi 1853, aligawa kazi kati ya sauti mbili: msimulizi asiye na jina anaeleza kwa wakati uliopo, na Esther Summerson anasimulia maisha yake mwenyewe kwa wakati uliopita. Esther anatazama nyuma, anajua alikotoka na alikofika. Yule mwingine yupo tu, anaona.

Swali langu kwako ni hilo hilo: msimulizi wako amesimama wapi? Kama yumo chumbani saa ile ile, hawezi kujua kilichomo ndani ya barua kabla ya kuifungua. Tafuta sentensi yoyote ambamo anajua zaidi ya saa hiyo.

MshonaHadithi:
Nimefanya yote mawili, na nimekaa nayo siku tatu. Nimepata mitelezo 14. Kumi na mmoja ni pale mama anapoingia, na hayo si makosa kabisa, ni kumbukumbu. Zingekuwa kwa -li- hata hadithi yote ingebaki kwenye -na-. Mitatu iliyobaki ndiyo imenitoa jasho. Mmoja ni huu:

"Dada alikuwa ameshaisoma barua ile miaka mitatu kabla ya siku ile."

Msimulizi wangu hawezi kuyajua haya akiwa amepiga magoti mbele ya sanduku. Na ukiiondoa sentensi hiyo sina hadithi, nina wanawake wawili wanaokunja nguo. Kwa hiyo anasimulia akiwa mbali, na mimi muda wote nilikuwa namlazimisha akae chumbani kwa sababu aya ya kwanza ilinipendeza. NjiaMbili, ahsante sana.

Nimezihamisha kurasa 9 za mwanzo. Zimepungua maneno, -ka- imekula nusu ya "kisha" na "halafu" zangu. Lakini ukurasa wa 31, pale wanapoishika barua, nimeshindwa. Kwa -li- unapoa. Naruhusiwa kuuacha kwa -na-?

Msahihishaji:
Nani akukataze? Ila usivuke katikati ya aya. Acha nafasi, anza aya mpya, na mle ndani msimulizi asijue lolote asiloliona kwa macho. Kwa kuvukia, tumia -me-, maana inakaa pande zote mbili: msomaji ataikanyaga bila kuhisi ngazi.

MshonaHadithi:
Nimejaribu sasa hivi. Ukurasa wa 31 unaanza hivi:

"Bahasha imeshafunguliwa. Dada ananitazama mikono, hanitazami uso."