Vyombo vya nyumba ya wazee vimejaa fleti ndogo: nianzie wapi?

Mkaazi wa Tudor
Assalamu alaikum. Tulihama na mama kutoka Mji wa Kale tukaingia fleti hapa Tudor, Mombasa, na vyombo vyote vikafuatana nasi: masinia ya shaba, masufuria ya karamu, vinu viwili, mbuzi ya nazi na makopo ya plastiki yaliyopotelewa na vifuniko. Makabati ni mawili tu. Tangu masika yaanze, mchele umeingia fukusi mara mbili na bizari ya kusaga niliyoinunua Marikiti imegandamana mkebeni. Nafikiria kuuingiza mtungi wa gesi katika kabati la chini ya sinki ili nipate nafasi, lakini mama hataki hata kijiko kitolewe. Nifanyeje bila kumvunjia heshima?

Bibi wa Kisauni
Wa alaikumu salaam, mwanangu. Nakusihi kabla ya yote, mtungi usiufungie kabatini. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama chini, na mahali palipofungwa hujikusanya bila ya kupata pa kutokea mpaka cheche ndogo iilipue. Uusimamishe wima, penye kupita upepo.

Ama mchele, kupepeta peke yake hakutoshi, kwa kuwa fukusi jike hutaga yai ndani ya punje yenyewe. Toa kila kitu kabatini, pangusa pembe zote na ukaushe, kisha mchele uliosalimika uutie katika friza wiki nzima. Ukiutoa, usiufungue mpaka ubaridi uishe, maana kwa hewa yetu ya pwani utaingia maji papo hapo. Baada ya hapo utie katika ndoo yenye kifuniko cha kubana, na ununue wa wiki mbili tu badala ya gunia.

Jirani wa Majengo
Dada, bizari huharibiwa na mvuke. Usiweke mikebe juu ya jiko, wala usinyunyizie moja kwa moja juu ya sufuria inayochemka; chota kwa kijiko kikavu. Iliki na mdalasini viweke vizima, usage vya siku mbili tatu.

Kuhusu mama, mimi ningeanza na yale makopo yasiyo na vifuniko, kwani hayana historia ya mtu. Masinia usiyapime kwa mwezi mmoja: chombo kinachotoka Idi na harusi bado kina kazi, ila hakistahili rafu ya karibu na mkono. Yakaushe vizuri, uyafunge kwa kitambaa, uyapandishe juu ya kabati. Mbuzi ikunje uitundike ukutani. Kisha mkalishe mama kitini, umuulize yeye kila kimoja akipendacho kikae wapi.

Mkaazi wa Tudor
Ahsanteni sana. Mtungi nimeuweka karibu na dirisha na makopo yameshaondoka. Nilipomuuliza mama kuhusu vinu, alichagua mwenyewe kile kidogo kibaki, na kikubwa akaagiza kipelekwe kwa shangazi Likoni, ambaye bado ana ua wa kutwangia.